Safura, Chuma na Ari ya Mtoto wa Pemba

Katika shajara zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake, David Livingstone alieleza maradhi ambayo Unguja yaliitwa safura. Mgonjwa hushikwa na hamu ya kula udongo. Miguu huvimba, nyama za mwili huisha, na hatua chache humwacha akihema. Wakati ule lilikuwapo dai kuwa watumwa hula udongo makusudi ili wajiue na kuwatia hasara mabwana zao. Livingstone alilikataa. Alijua kuwa matajiri wenye chakula tele nao walipatwa, akaamua kuwa iliyougua ni hamu yenyewe, wala hapakuwa na hila yoyote ya mtumwa.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki kuliko mingi iliyofuata. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya karafuu za dola. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Maofisa wa kikoloni wakaanza kulalamika kwamba walioachwa huru hawataki kazi. Neno uvivu likaenea katika mazungumzo yao juu ya Mpemba na Mwafrika kwa jumla. Sehemu kubwa ya walichokiita uvivu ilikuwa akili timamu: aliyetoka utumwani aliona afadhali apande muhogo wake kuliko kuchuma karafuu za bwana wa jana kwa ujira mdogo. Hiyo ni siasa, na haina haja ya kutafutiwa ugonjwa. Lakini palikuwa na uchovu mwingine, wa kweli, uliokaa mwilini, na huo haukuchagua aliyekuwa mtumwa na aliyezaliwa huru.

Chanzo chake kilikwisha kuonwa Misri. Mwaka 1854 tabibu Mjerumani Wilhelm Griesinger, aliyewahi kufanya kazi Cairo, alihusisha upungufu mkubwa wa damu na minyoo midogo iliyojishikiza ndani ya utumbo. Mwaka 1898, mjini humo humo, Arthur Looss alitambua kuwa lava wa minyoo hiyo hupenya kwenye ngozi. Alilitambua baada ya maji yenye lava kummwagikia mkononi, mkono ukawasha, na baadaye mayai ya minyoo yakaonekana katika kinyesi chake. Miaka michache baadaye, mwaka 1902, Charles Stiles alitangaza kwamba minyoo hiyo imejaa miongoni mwa maskini wa kusini mwa Marekani, na magazeti ya huko yakaibatiza kuwa ni kidudu cha uvivu. Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 ipigwe vita. Kwa Wamarekani wale weupe uvivu ulipewa dawa, ilhali makoloni ya Afrika yaliendelea kwa muda mrefu kuuita tabia.

Minyoo hiyo, ndiyo minyoo ya safura, haihitaji makubwa. Inataka udongo wenye unyevu, kivuli, joto, na mguu usio na kiatu. Pemba ina vyote. Ni kisiwa cha vilima na mabonde, chenye mvua nyingi na miti iliyosongamana, na watoto wake kwa vizazi wamekwenda chuoni, mtoni na shambani miguu mitupu. Chokocho, iliyo kusini ya kisiwa katika Wilaya ya Mkoani, mahali watu wanapopanda mashua kuvukia Kisiwa Panza, ni sehemu ya mazingira hayo hayo. Lava huingia kwenye ngozi ya unyayo, hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hufika kwenye utumbo mwembamba. Hapo mnyoo huuma na kunyonya damu. Damu inayopotea kwa mnyoo mmoja ni chini ya tone moja au matone machache kwa siku. Mtoto mwenye mamia hupoteza damu kila siku ya Mungu, na ndani ya damu ile mna madini ya chuma.

Ukiongeza malaria, inayopasua chembe nyekundu za damu, na chakula ambacho wanga wake ni muhogo na chai yake ya rangi huzuia chuma cha mboga kisifyonzwe vizuri, unapata watoto wenye upungufu wa damu kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1997 Rebecca Stoltzfus wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wenzake wa Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Zanzibar, walichapisha matokeo ya kupima wanafunzi 3,595 wa Pemba. Asilimia 62.3 kati yao walikuwa na upungufu wa damu, na zaidi ya asilimia 80 ya upungufu huo ulihusiana na ukosefu wa chuma. Minyoo ya safura ndiyo iliyokuwa sababu kuu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliutazama upungufu huu kama habari ya damu peke yake. Himoglobini ikishuka, oksijeni haifiki vizuri kwenye misuli, mtu huchoka. Maelezo haya ni ya kweli, lakini hayamtoshi mama anayeona mtoto wake hachezi, haulizi, hana hamu ya chakula, hujibanza mapajani mwake wenzake wakikimbia. Ili kuyaelewa hayo ilibidi hadithi nyingine, iliyokuwa ikiendelea mbali sana na Pemba, ifike mahali pake.

Mwaka 1910, katika maabara za Wellcome mjini London, George Barger na James Ewens walitengeneza kemikali iliyokuja kuitwa dopamini. Kwa zaidi ya miaka 40 ilichukuliwa kuwa kitu cha njiani tu, ambacho mwili hukipitia ukielekea kutengeneza kemikali nyingine. Mwaka 1957 Kathleen Montagu alionyesha kuwa imo ndani ya ubongo. Mwaka huo huo Arvid Carlsson na wenzake, huko Lund, Sweden, waliwapa sungura dawa ya resepini, inayomaliza akiba ya kemikali hizi ubongoni. Sungura walilala kama waliopooza. Walipodungwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliinuka na kutembea. Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na levodopa hadi leo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson.

Kumbe hao sungura hawakuwa wagonjwa wa misuli. Miguu yao ilikuwa mizima, kilichokosekana ni msukumo wa kuitumia. Kent Berridge na Terry Robinson wa Michigan walikwenda mbali zaidi walipowaondolea panya karibu dopamini yote. Panya hao waliacha kula hata chakula kikiwa mbele yao, na wangekufa njaa kama wasingelishwa. Hata hivyo walipotiwa sukari mdomoni walilamba midomo kama panya yeyote aliyeonja kitu kitamu. Utamu waliusikia. Hawakuwa na ari ya kuufuata. Kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa mambo makubwa zaidi yaliyogunduliwa juu ya viumbe: kupenda kitu na kukifuata ni mambo mawili, na la pili huweza kufa huku la kwanza likiwa hai.

Kisha likaja suala la kujifunza. Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg, Uswisi, aliingiza nyaya nyembamba kwenye ubongo wa nyani na kusikiliza seli za dopamini moja moja. Nyani alipodondoshewa maji ya matunda bila kutarajia, seli zililipuka kwa ishara. Baada ya kuzoea kuwa taa huwaka kwanza ndipo maji yaje, seli zilijibu taa na kunyamaza maji yalipofika. Taa ikiwaka na maji yasije, ishara ilishuka chini ya kawaida yake, wakati ule ule ambao maji yangekuja. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Jambo likiwa bora kuliko matarajio, ubongo huambiwa: shika njia hii. Likiwa pungufu, huambiwa: iache.

Mtoto anayeanza kusema huishi kwa hesabu hiyo. Anatoa sauti, bibi yake anageuka na kucheka, ubongo unaweka alama. Anaisema tena. Siku bibi asipogeuka, mtoto anajaribu sauti nyingine. Maelfu ya majaribio kama hayo, yanayofanywa bila ya mtu kumwagiza, ndiyo yanayoleta lugha, na kila moja linahitaji vitu viwili: msukumo wa kujaribu na ishara ya kwamba jaribio limefaa.

Sasa chuma. Dopamini hutengenezwa kutokana na kirutubisho kiitwacho tairosini, na kimeng'enya kinachofanya hatua ya kwanza, kilichotambuliwa mwaka 1964 na Toshiharu Nagatsu na wenzake nchini Marekani, hakifanyi kazi bila ya chuma. Huko Haifa, Moussa Youdim aliwanyima panya chuma, akakuta vipokezi vya dopamini vimepungua ubongoni mwao na kujifunza kwao kumeharibika. Betsy Lozoff, daktari wa watoto wa Marekani aliyewafuatilia watoto wa Costa Rica kuanzia miaka ya 1980, aliona jambo hilo kwa jicho la mlezi. Watoto wachanga wenye upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa chuma walibaki karibu na mama zao, walisita, walicheza kidogo, na hawakufurahika upesi. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha ajabu kwa urahisi wake: watoto hao hupepesa macho mara chache kuliko wenzao, na kupepesa macho ni moja ya mambo yanayoongozwa na dopamini.

Hapa ndipo Pemba inaporudi, na inarudi na ushahidi ambao huenda haukuwa umepatikana kwingine.

Mwezi wa Disemba 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa kisiwani na Stoltzfus na wenzake, miongoni mwao Jane Kvalsvig wa Afrika Kusini, Marco Albonico na Lorenzo Savioli waliokuwa na miaka mingi katika vita dhidi ya minyoo Pemba, Ernesto Pollitt aliyebobea katika lishe na akili za watoto, na Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Watoto 614 wa umri wa miezi 6 hadi 59 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine kimiminika kisichokuwa na dawa. Kila miezi mitatu wengine walipewa mebendazoli ya minyoo, wengine kidonge kitupu. Si mzazi wala mpimaji aliyejua nani kapata nini. Maendeleo ya watoto hayakupimwa kwa mitihani ya Ulaya. Akina mama waliulizwa, kwa mizani iliyotungwa kufuata maisha ya pale pale, mtoto anaweza kufanya nini na kusema nini.

Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Himoglobini ya waliopewa chuma haikupanda. Malaria ilikuwa karibu kwa kila mtoto, ikila damu kila inapotengenezwa. Lakini akiba ya chuma mwilini iliongezeka, na lugha ikaendelea: waliopata chuma walipata alama 0.8 zaidi katika mizani ya alama 20. Kwa mwendo na viungo, faida ilionekana kwa wale tu walioanza na damu ndogo kabisa, himoglobini chini ya gramu 90 kwa lita. Katika taarifa nyingine ya jaribio hilo, iliyotoka mwaka 2004, akina mama walisema watoto waliopata chuma, na wale waliopata dawa ya minyoo, walikuwa na hamu zaidi ya chakula.

Damu haikubadilika, na bado mtoto alisema zaidi. Watafiti wale hawakupima dopamini, na hakuna mtu angepasua ubongo wa mtoto ili aitafute. Ila ukiyaweka matokeo ya Pemba pamoja na panya wa Haifa na watoto wa Costa Rica, maelezo ya damu peke yake hayasimami tena. Chuma kilikuwa kikifanya kazi mahali pengine. Na kwa kuwa ubongo unakihitaji kutengeneza kemikali ya ari na ya kujifunza, pale ndipo pa kutazama kwanza.

Tafiti zilizofuata kisiwani zilikubaliana na matokeo hayo. Mwaka 2006 na 2007 Deanna Olney na wenzake waliandika kwamba watoto wachanga wa Pemba waliopewa chuma na asidi ya foliki walitembea wenyewe mapema zaidi, na kwamba watoto waliokosa chuma walitumia muda mchache zaidi wakisogea huku na huku. Mtoto asiyesogea hagusi, haangushi, haonji, hafiki kwa jirani. Hapo hupoteza hata yale ambayo mazingira yangemfundisha bure.

Kama historia ingeishia hapo, ingekuwa ya furaha: peleka chuma kila nyumba, kutoka Msuka iliyo kaskazini hadi Chokocho. Ndivyo ilivyokusudiwa. Mwaka 2000 ilifunguliwa huko Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyopewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitalia aliyeiota na kufariki kabla ya kuiona. Kisiwa sasa kilikuwa na mahali pa kufanyia utafiti mkubwa. Kuanzia Januari 2002, Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao waliandikisha watoto 24,076 wa Pemba wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Kundi moja lilipewa chuma na asidi ya foliki, la pili liliongezewa zinki, la tatu lilipewa kidonge kitupu. Swali lao lilikuwa moja: je, vifo vitapungua?

Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa. Kamati ya usalama ilikuwa imeona kinyume cha kilichotarajiwa. Taarifa iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2006 ilisema kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mzito. Kimelea cha malaria nacho huhitaji chuma. Mtoto aliyekosa chuma kweli kweli alinufaika, hili lilionekana katika kundi dogo la watoto 2,413 waliopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria upesi. Aliyekuwa na chuma cha kutosha akaongezewa, katika kisiwa kilichojaa mbu, aliwekwa hatarini.

Sijui matokeo mengine ya utafiti yanayouma zaidi ya haya. Madini yale yale yanayoamsha ubongo wa mtoto yaliweza kumpeleka kaburini, kutegemea nini kingine kimo katika damu yake. Wazazi wa Pemba walitoa watoto wao kwa imani, na jibu walilolileta kwa ulimwengu halikuwa jepesi. Lakini lilikuwa jibu. Mwaka huo huo wa 2006 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la kuzuia kugawa chuma kwa watoto wote bila kupima pale penye malaria nyingi. Watoto wa Afrika na Asia ambao hawajawahi kulisikia jina la Mkoani huenda wamenusurika kwa sababu ya kisiwa hiki.

Kilichotokea baadaye kimebadilisha hesabu tena. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria, na kuanzia miaka ya 2005 na 2006 vyandarua vyenye dawa vikaenea. Malaria, ambayo katika jaribio la kwanza ilikuwa karibu kwa kila mtoto, ilishuka hadi vimelea vikaonekana kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Dawa ya minyoo ikaendelea kugawiwa shuleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaruhusu chuma kwa watoto penye malaria iwapo kinga na tiba ya malaria ziko karibu nao. Onyo lililotoka Pemba lilitoka katika Pemba ambayo sasa, kwa malaria, siyo ile.

Jambo lisilobadilika ni kwamba ubongo hausubiri. Mwaka 2006 Lozoff alitoa taarifa ya watoto wake wa Costa Rica walipofika umri wa miaka 19. Katika familia zenye uwezo, pengo la alama za akili kati ya walioishi na ukosefu wa chuma utotoni na wenzao lilibaki pale pale. Katika familia za kimaskini lilipanuka, kutoka alama 10 hadi alama 25, ijapokuwa chuma chenyewe walikwisha kupewa wakiwa wachanga. Umaskini ulichukua pengo dogo ukalifanya kubwa.

Kwa hiyo kazi inaanzia nyuma zaidi, kwa mama. Mwaka 2010 Sera Young na wenzake walichapisha utafiti wa wajawazito zaidi ya 2,300 wa Pemba. Wawili katika kila watano walikuwa na hamu ya kula vitu visivyo chakula cha kawaida, wengi wao mchele mbichi, wachache udongo, na hamu hiyo iliandamana na upungufu wa damu. Ile hamu iliyougua ya Livingstone ilikuwa bado ipo, miaka zaidi ya 130 baadaye. Mkunga au muuguzi anayeuliza kwa upole, bila kumcheka mtu, hupata dalili kabla ya sindano. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki hutolewa kliniki kwa wajawazito, na kwa mtoto huo ndio mwanzo wa akiba, kwa sababu chuma cha miezi yake ya kwanza hutoka kwa mama yake akiwa tumboni.

Sehemu nyingine ya akiba hiyo hupatikana katika dakika za kuzaliwa. Mtoto akishatoka, damu huendelea kumwingia kutoka kwenye kondo la nyuma kwa muda mfupi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita. Damu inayoingia katika muda huo ina chuma cha kumsaidia kwa miezi kadhaa, na haigharimu chochote, iwe hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani au nyumbani kwa mkunga Chokocho.